Mlango wa 6881

Ruta niliinunua mtumba, Jumamosi, sokoni Gabrovo,
nyeupe, taa nne, kovu la sigara mgongoni.
Aliyeniuzia alisema: hii hailali.
Nikaiweka stoo, juu ya mitungi ya pilipili za mama,
kando ya kompyuta kuukuu inayokoroma
kama mjomba Pencho akishashiba.

Ndani ya kompyuta kuna baba.
Si picha. Sauti: kanda kumi na saba
alizorekodi kiwandani, mitambo ya kufuma ikiwa bado inapiga,
miaka miwili kabla ya kufuli.
Dada yangu Snezhina yuko Halifax, anasafisha meno ya Wakanada.
Alisema: nitumie zote.
Nikasema: ni nzito mno kwa barua pepe,
nitaziacha mlangoni, njoo uchukue kidogo kidogo.

Kumbe mlango hakuna.

Ruta ni bawabu mwenye kisirani:
atokaye hamuulizi aendako,
ila ajaye na hodi yake mwenyewe
humwacha nje, hata "ondoka" hamwambii.
Snezhina alibisha kutwa. Hodi. Hodi.
Kwangu taa ya njano tu, na neno "hafikiki",
ilhali nilikuwapo, nimekaa, nakula mkate.

Nikajifunza.
Kwanza, kuipa kompyuta namba isiyohama,
maana ruta hugawa namba kama gesti inavyogawa funguo,
leo chumba cha nne, kesho cha saba,
na mwenye barua akifika anamkuta mwingine kitandani.
Kisha, kuandika kwenye kijisanduku:
atakayebisha 6881, mpeleke stoo.
Hifadhi. Zima. Washa.
Njano.
Siku mbili nikaitukana ruta bure
kabla ya kugundua kuwa kompyuta nayo ina ukuta wake,
ukuta nyuma ya ukuta. Kitunguu,
nami namenya huku nikilia.
Nikauambia nao: huyu ni wetu.

Kijani.

Kilobaiti tisa kwa sekunde. Kumi na moja. Tisa.
Baba akaanza kuondoka nyumbani
vipande vipande, bila mpangilio,
kikohozi cha kanda ya kumi na mbili
kikizitangulia salamu za kanda ya kwanza.

Lakini kila usiku, saa tano na dakika kadhaa, kimya.
Asubuhi kijani tena, kana kwamba hapakuwa na neno.
Nilishuku kampuni ya simu. Nilishuku namba, nikaibadilisha, nikairudisha.
Nilimshuku Snezhina, nikamwambia, tukanuniana.
Usiku wa nne nikajikalia stoo gizani, juu ya gunia la viazi.

Saa tano na dakika sita
mama akaingia na soksi za sufu,
akapitisha mkono juu ya mitungi
akachomoa waya wa ruta.
Kompyuta huiogopa. Ruta ilikuwa saizi yake.

"Mama!"
Akaruka. Akamtaja mtakatifu nisiyemjua. Kisha:
"Inakula umeme na wewe umelala."
Ni mtu wa mji huu hasa: bibi yake, husimuliwa,
alikuwa akiisimamisha saa ya ukutani usiku
isije ikachakaa bila mtu wa kuitazama.

Na mimi nimezipekua kurasa mia za kuta na milango.

Nikamvika vipokea sauti. Kanda ya kumi na mbili.
Mitambo, mitambo, mitambo, halafu kikohozi,
halafu baba akimwuliza mtu kama amebakiza chumvi.
Mama alisikiliza kwa kusimama, waya mkononi.
"Na chumvi alikuwa amekatazwa," akasema.
Kisha: "Amebaki kiasi gani?"
Asilimia thelathini na nane.

Akauchomeka mwenyewe.
Akazima taa ya stoo, ya korido, ya jikoni,
na jokofu akalitazama mara mbili.